Kompyuta Haiwaki: Ni Pawasaplai au Madabodi?

Barua nyingi tulizopokea msimu huu zinahusu kompyuta za mezani zilizonyamaza baada ya umeme kukatika na kurudi. Nimechagua nne. Katika majibu nimetumia neno pawasaplai kwa lile kasha la chuma lenye feni, lililo nyuma ya mashine, ambamo waya wa umeme wa ukutani huchomekwa. Na neno madabodi kwa ubao mama, yaani ile bodi kuu ndani ya kasha inayounganisha sehemu zote za kompyuta. Hayo ndiyo majina utakayoyasikia dukani na kwa mafundi, na anayekwenda kununua kifaa ni vizuri ayajue.

SWALI: Mtaalamu, salaam. Nyumbani kwetu Morogoro tuna kompyuta ya mezani ambayo watoto huitumia kwa masomo na mimi kwa hesabu za duka langu la dawa za mifugo. Wiki mbili zilizopita umeme ulikatika jioni, ukarudi baada ya saa moja hivi, na taa zikawaka kwa mwanga mkali kuliko kawaida kisha zikatulia. Tangu hapo kompyuta haiwaki kabisa: nikibonyeza kitufe hakuna taa, hakuna feni, hakuna mlio. Fundi wa mtaani aliifungua, akaitazama, akasema madabodi imeungua na kwamba ni afadhali ninunue mashine nyingine. Hakupima chochote. Je, kuna njia ya kujua ukweli kabla sijatoa fedha? Ninayo multimita ndogo ninayoitumia kupimia betri ya pikipiki. (Baba wa watoto watatu, Morogoro)

JIBU: Ndugu yangu, pole sana kwa mkasa huo. Hiyo multimita ya betri ya pikipiki inatosha kabisa kwa kazi iliyo mbele yako, na ninakusihi usinunue chochote kabla ya kuitumia. Madabodi haipimwi kwa macho. Zipo zilizoungua ambazo hazina alama yoyote, na zipo nzima ambazo zimetupwa kwa sababu tu pawasaplai iliyo juu yake ilikuwa imekufa.

Mwanga mkali wa taa ulioueleza ni dalili muhimu. Umeme wa nyumbani kwetu unapaswa kuwa volti 230. Waya wa nyutro, yaani ule unaorudisha umeme, ukilegea au kukatika kwenye laini ya fezi tatu (nyaya tatu zenye moto), nyumba zilizo kwenye fezi tofauti hujikuta zimeunganishwa mfululizo kati ya fezi mbili, ambako kuna volti takriban 400, na nyumba yenye matumizi madogo kwa wakati huo ndiyo inayobebeshwa sehemu kubwa ya volti hizo. Kifaa cha kwanza kupokea kipigo hicho ndani ya kompyuta ni pawasaplai, kwa kuwa ndiyo pekee inayoguswa na umeme wa ukutani. Madabodi yenyewe hupokea volti 12, 5 na 3.3 tu, ambazo zimekwisha kupunguzwa na kunyooshwa. Kwa hiyo dalili zako zinaelekea zaidi kwenye pawasaplai. Lakini kuelekea si kuthibitisha, na uthibitisho tunautafuta kwa kuanzia ukutani na kuingia ndani polepole.

Chomeka taa au pasi kwenye soketi ileile unayoitumia kwa kompyuta, tena kupitia ekstensheni ileile. Kama inawaka, chukua waya wa umeme wa skrini ya kompyuta, ambao kwa kawaida ni wa aina moja na ule wa kasha, na ujaribu nao. Fungua plagi ya pini tatu na upime fyuzi iliyomo ndani kwa alama ya mlio kwenye multimita. Tazama swichi ndogo iliyo nyuma ya pawasaplai, kwa sababu watoto na mafagio huizima bila mtu kujua. Usiyaone haya kuwa mambo madogo. Niliwahi kuletewa mashine na mama mmoja aliyesafiri nayo kwa basi usiku kucha, ameipakata magotini kwa kuogopa mitikisiko, na kosa likawa ni fyuzi ya plagi ambayo inauzwa kwenye duka lolote la vifaa vya umeme. Tangu siku hiyo kila anayenipigia simu humwomba kwanza afungue plagi.

Hatua inayofuata haigharimu kitu. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa muda wa sekunde 30, kisha rudisha waya na ujaribu tena. Pawasaplai nyingi zina ulinzi unaojifunga zinapoona hitilafu, na hubaki zimejifunga mpaka chaji iliyosalia ndani iishe. Baadhi ya mashine zilizopigwa na umeme hufufuka hapo hapo.

Ikiwa bado iko kimya, fungua ubavu wa kasha la kompyuta. Kaa mahali pakavu, vaa kandambili, vua saa na pete, na usiwe na watoto karibu. Utaona kichwa kikubwa cha nyaya kilichochomekwa kwenye madabodi, chenye matundu 24, au 20 kama mashine ni ya zamani. Kichwa hiki ni cha mpangilio uitwao ATX, uliotolewa na Intel mwaka 1995, na katika mpangilio huo rangi za nyaya zina maana moja kila mahali: nyeusi ni hasi, njano ni volti 12, nyekundu ni volti 5, rangi ya chungwa ni volti 3.3. Hakuna volti ya kukurusha kwenye nyaya hizi, lakini ncha ya multimita ikigusisha nyaya mbili kwa pamoja inaweza kuunguza kitu, kwa hiyo mkono uwe mtulivu. Kama nyaya zote ni nyeusi, jinsi zilivyo pawasaplai nyingi za siku hizi, usikisie; tafuta kwanza mchoro wa pawasaplai ya aina hiyo.

Weka multimita kwenye volti 20 za DC, yaani umeme wa mkondo mmoja kama wa betri. Kichwa kikiwa bado kimechomekwa na umeme ukiwa umewashwa ukutani, ingiza ncha nyeusi nyuma ya kichwa, kwenye tundu la waya mweusi mpaka iguse chuma, na ncha nyekundu kwenye tundu la waya wa zambarau. Huu wa zambarau ndio unaokesha: hubeba volti 5 muda wote, hata mashine ikiwa imezimwa, ili madabodi iweze kusikia kitufe kinapobonyezwa. Usomaji wowote kati ya 4.75 na 5.25 ni mzuri. Ukisoma sifuri, na tayari una hakika na soketi, fyuzi na waya, chomoa kichwa hicho na kile kidogo cha pini nne au nane kinacholisha prosesa (ubongo wa kompyuta), kisha pima tena kikiwa hewani. Bado ni sifuri? Pawasaplai imekufa na umepata jibu lako. Kama volti 5 zimejitokeza baada ya kuchomoa, basi kuna shoti upande wa madabodi inayoivuta pawasaplai chini, na fundi wako huenda alisema kweli ingawa hakujua kwa nini.

Tuseme waya wa zambarau una volti 5 zake na bado mashine haiwaki. Hamishia ncha nyekundu kwenye waya wa kijani. Kwa kawaida utasoma kati ya volti 3 na 5. Sasa mwombe mtu abonyeze kitufe cha mbele huku wewe ukitazama kioo cha multimita. Madabodi huiamuru pawasaplai iamke kwa kuuvuta waya huu hadi karibu na sifuri. Ukishuka na pawasaplai isiamke, amri imetolewa na haikutiiwa: ama pawasaplai ni mbovu, ama kuna kitu kimeshika shoti na ulinzi unakataa. Usiposhuka kabisa, amri haikutolewa, na hapo unatazama kitufe chenyewe, kiwaya chake chembamba kinachoingia pembeni mwa madabodi, au madabodi. Ninakipenda kipimo hiki kuliko vyote, kwa sababu ndani ya nusu dakika kinatenganisha lawama za pande mbili ambazo mafundi wengi huzichanganya.

Kilichobaki ni kuiamsha pawasaplai ikiwa peke yake. Zima ukutani, chomoa vichwa vyote vinavyokwenda kwenye madabodi na kadi ya picha, na uache kimoja tu kimeunganishwa na hadidiski kuukuu au kisomea DVD usichokihitaji, kwa kuwa baadhi ya pawasaplai za zamani hazipendi kuwashwa bila mzigo. Nyoosha kibanio cha karatasi, kikunje mfano wa herufi U, ukiingize kwenye tundu la waya wa kijani na tundu la waya mweusi ulio jirani yake, kisha washa ukutani bila kukishika. Feni ikizunguka, usishangilie bado. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea: feni inahitaji volti chache tu, na pawasaplai iliyochoka inaweza kuizungusha siku nzima huku ikishindwa kuibeba madabodi. Pima kila rangi. Njano iwe kati ya 11.40 na 12.60, nyekundu kati ya 4.75 na 5.25, ile ya chungwa kati ya 3.14 na 3.46. Pima pia waya wa kijivu, ambao unapaswa kupanda hadi karibu volti 5 ndani ya nusu sekunde baada ya kuwasha. Ndio unaoiambia madabodi kwamba umeme umetulia na inaweza kuanza kazi. Waya wa kijivu ukibaki sifuri, kompyuta haitaanza hata kama feni zote zinavuma.

Ukithibitisha kwamba pawasaplai ndiyo iliyokufa, soma kibandiko chake kabla ya kwenda dukani, na ukitazame kile kichwa kikubwa. Mashine nyingi za ofisini za Dell, HP na Lenovo, zile zinazoletwa zikiwa zimetumika Ulaya, zina vichwa vya pini sita, nane au kumi ambavyo si vya ATX, na kasha lake huwa jembamba; kwa hizo utahitaji pawasaplai ya aina ileile. Kwa mashine ya kawaida isiyo na kadi kubwa ya picha, wati 300 hadi 400 za kweli zinatosha na kubaki. Nasema za kweli kwa sababu wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa si za kuaminiwa zenyewe. Tafuta kwenye kibandiko ampea za volti 12 na uzidishe: pawasaplai iliyoandikwa wati 500 huku njia yake ya volti 12 ikiwa na ampea 14 tu inaweza kutoa wati 168 mahali zinapohitajika zaidi. Ipime pia kwa mkono. Iliyo nyepesi kama kopo tupu imepunguzwa vitu ndani. Nembo ya 80 PLUS, iliyoanza mwaka 2004, maana yake ni kwamba pawasaplai haipotezi zaidi ya takriban moja ya tano ya umeme kwa kugeuka joto. Haikuhakikishii ulinzi, lakini pawasaplai zenye nembo halali kwa kawaida zimetengenezwa kwa uangalifu zaidi.

Ukishaifunga mpya, iwashe mara ya kwanza hadidiski ikiwa haijaunganishwa. Hesabu za duka lako zimo humo, na hakuna sababu ya kuihatarisha mpaka uone maandishi ya kwanza yametokea kwenye skrini. Ndipo uzime, uiunganishe, na siku hiyohiyo unakili hesabu hizo mahali pengine.

SWALI: Hujambo mwandishi. Mimi hutengeneza video za harusi nikiwa nyumbani, hapa Mombasa. Kompyuta yangu huwaka vizuri na nikiandika barua au kutazama picha haina neno, ila nikianza kuunganisha video, baada ya dakika kumi au kumi na tano huzima ghafla kana kwamba stima zimepotea, na taa ya chumbani inaendelea kuwaka. Nikingoja kidogo huwaka tena. Nimeshabadilishiwa ramu (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) na kuwekewa Windows upya, pesa zimekwenda na tabia ni ileile. Mashine ina miaka saba. (Dada mpiga video, Mombasa)

JIBU: Dada, sijambo, nawe pole kwa gharama ambazo hazikustahili. Kuzima ghafla bila ujumbe wowote, tena wakati mashine inafanya kazi nzito, hakufanani na kosa la ramu wala la Windows. Ramu mbovu mara nyingi huleta skrini ya buluu au kuganda. Ukifungua kumbukumbu za matukio ndani ya Windows utaona tukio namba 41, na huenda kuna mtu atakuambia kwamba hilo ndilo kosa lenyewe. Tukio hilo husema tu kwamba mashine ilizimika bila kuagwa, halisemi sababu.

Washukiwa ni wawili: joto la prosesa na pawasaplai iliyochoka. Kuwatenganisha si kazi. Weka programu ya bure inayoonyesha nyuzi joto za prosesa na uiache wazi pembeni huku ukiunganisha video. Ikiwa joto linapanda hadi karibu nyuzi 100 ndipo mashine inazima, tatizo ni feni ya prosesa, vumbi, au ule ute wa kupitishia joto uliokauka. Ikiwa inazima joto likiwa nyuzi 65 au 70, elekea kwenye pawasaplai.

Tafuta kichwa cha bure cha pini nne chenye waya wa njano, nyeusi mbili na nyekundu. Ingiza ncha za multimita kwenye njano na nyeusi, na uanze kazi ya video. Wakati mashine imetulia utasoma pengine 12.1. Ukiona namba inashuka kadiri kazi inavyoendelea, 11.7, 11.5, kisha 11.3 na chini ya hapo, umeikamata. Multimita za kawaida haziwezi kuona mitikisiko ya haraka, kwa hiyo namba nzuri haiisafishi pawasaplai moja kwa moja, ila namba mbaya inaihukumu bila shaka. Kama namba ni nzuri na joto pia ni zuri, azima pawasaplai nzima ya mtu kwa saa moja na urudie kazi ileile ya video. Hakuna kipimo kinachoushinda huu.

Sababu ya mashine kuwaka tena baada ya kupumzika iko kwenye kapasita, vile vikopo vidogo vya duara vinavyosawazisha umeme. Ndani yake mna kimiminika ambacho hukauka polepole kwa joto, na kanuni inayojulikana kwa mafundi ni kwamba kila joto likipanda nyuzi 10 maisha ya kapasita hupungua kwa nusu hivi. Kwa mji wenye joto kama wa kwenu, pawasaplai iliyozibwa na vumbi huzeeka haraka sana. Kapasita zilizochoka hustahimili kazi ndogo, ila mzigo ukiongezeka volti huyumba, ulinzi unakata, na baada ya kupoa mambo yanarudi kama kwamba hakukuwa na kitu. Unapofungua kasha, tazama pia kapasita zilizo juu ya madabodi: kichwa chake kiwe bapa kama sarafu. Kilichovimba au chenye ukoko wa kahawia kimekufa. Mashine zilizotengenezwa kati ya mwisho wa miaka ya 1990 na takriban mwaka 2007 ziliugua sana ugonjwa huu duniani kote kwa sababu ya kapasita zilizokuwa na kimiminika kibovu, lakini ya kwako ni mpya kuliko hizo, kwa hiyo nalaumu zaidi joto na umri.

Kuna jambo jingine kwa watu wa pwani. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, nayo hushika vumbi lililo ndani ya pawasaplai na kuligeuza kuwa kama udongo mbichi unaopitisha umeme. Mijusi nao hupenda joto la mahali hapo. Wiki chache zilizopita nilitazama kwa tochi kupitia wavu wa nyuma wa pawasaplai moja nikaona mkia mkavu wa mjusi umelala kati ya chuma cha kupozea na kapasita kubwa, na karibu yake doa jeusi la moto. Kwa hiyo mashine isikae sakafuni wala isibanwe na ukuta. Iinue juu ya meza au kibao, na kila baada ya miezi mitatu uipulize kwa upepo mkavu ikiwa imechomolewa, huku ukizuia feni isizunguke kwa kidole au kijiti.

Kwa mashine ya miaka saba inayokula kazi ya video, mimi ningebadilisha pawasaplai hata kabla ya kufika mwisho wa vipimo. Chagua yenye wati 500 au zaidi zilizo za kweli, hasa kama una kadi ya picha, na kama nyaya zake zinachomoka upande wa pawasaplai, tumia nyaya zilizokuja nayo tu. Nyaya za pawasaplai nyingine zinaweza kuingia vizuri kabisa na bado zikapeleka volti 12 mahali pa volti 5.

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwanafunzi wa ufundi umeme hapa Unguja. Nimepima pawasaplai ya kompyuta yetu kama ulivyofundisha toleo lililopita na nimehakikisha kuwa imekufa. Nimeona video zinazoonyesha kwamba ndani mna fyuzi. Je, nikiifungua na kubadilisha fyuzi hiyo tu, haitapona? (Kijana, Unguja)

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kupima kabla ya kuuliza. Jibu langu ni kwamba usiifungue, na nitakueleza kwa nini ili usidhani nakunyima elimu.

Umeme wa volti 230 ukiingia ndani ya pawasaplai hunyooshwa na kuwa volti takriban 325 za DC, na huhifadhiwa kwenye kapasita kubwa moja au mbili. Ukichomoa waya ukutani, chaji hiyo haiondoki papo hapo. Vipo vizuizi vidogo vilivyowekwa ili kuimwaga taratibu, lakini katika pawasaplai iliyoungua huwezi kujua kama navyo vimepona. Volti 325 za DC zikipita kifuani, mkono mmoja ukiwa kwenye kasha la chuma na mwingine kwenye bodi, zinaweza kuua. Mafundi wenye miaka mingi huingiza mkono mmoja tu, wana kizuizi cha kumwagia chaji, na hupima kapasita kabla ya kugusa kitu.

Kuhusu fyuzi, fahamu kwamba fyuzi ya ndani haifi bila sababu. Karibu kila mara imekatika kwa kuwa kitu kilicho mbele yake kimeshika shoti: kilinda mshindo kilichomeza volti nyingi, daraja la dayodi linalonyoosha umeme, au transista kubwa za kuwashia na kuzima. Ukiweka fyuzi mpya bila kutafuta kilichoiua, nayo itakatika wakati huohuo, mara nyingine kwa mlipuko. Na ukiweka waya mahali pa fyuzi, jambo ambalo nimeliona kwa macho yangu, umeiondoa kinga ya mwisho kati ya moto na nyumba yenu.

Usiitupe pawasaplai hiyo, lakini. Ipeleke chuoni kwenu, umwombe mwalimu wa maabara aifungue mbele yenu, apime kapasita, na awaonyeshe njia ya umeme kuanzia fyuzi mpaka kwenye transista. Kwa mwanafunzi wa umeme hilo ni somo zuri sana, likifanywa mahali penye mwalimu na vifaa.

SWALI: Ndugu mwandishi, shemeji yangu anayeishi Houston, Marekani, alituletea kompyuta yake ya zamani alipokuja likizo Arusha. Tulinunua kibadilishi cha plagi, tukachomeka, na hata kabla hatujabonyeza kitufe ulisikika mlipuko kama wa baruti na harufu kali ikajaa sebuleni. Watu wanasema kila kitu kimeungua. Je, ni kweli? Na skrini yake tunaweza kuichomeka au nayo italipuka? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Pole sana, msomaji, maana najua ilikuwa zawadi. Nina karibu hakika juu ya kilichotokea. Pawasaplai za zamani zina swichi ndogo nyekundu nyuma, karibu na tundu la waya, iliyoandikwa 115 upande mmoja na 230 upande mwingine. Marekani hutumia volti 120, kwa hiyo swichi ilikuwa kwenye 115. Kibadilishi cha plagi hubadilisha umbo la pini tu, volti hakizigusi. Swichi ikiwa kwenye 115, pawasaplai huzidisha maradufu volti inazopokea ili zifike kiwango kinachotakiwa ndani, kwa hiyo badala ya volti 325 zilipatikana karibu 650, zikagawanyika kwenye kapasita mbili ambazo kwa kawaida kila moja imetengenezwa kuhimili volti 200 hivi. Mlipuko mliousikia na harufu ile ni vya kapasita hizo au kilinda mshindo kilicho kando yake.

Habari njema ni kwamba ajali ya namna hii hutokea upande wa ukutani wa pawasaplai, kabla umeme haujavuka kwenda kwenye madabodi, na mashine ilikuwa bado haijawashwa. Mara nyingi pawasaplai pekee ndiyo inayokufa. Nunua nyingine inayofaa kichwa cha madabodi yenu, ya aina inayopokea volti 100 hadi 240 yenyewe bila swichi, na ufuate utaratibu niliompa ndugu wa Morogoro: mara ya kwanza washa hadidiski ikiwa haijaunganishwa. Iliyolipuka iwekeni nje ya nyumba na mtoto asiichezee.

Kuhusu skrini, geuza nyuma usome kibandiko. Kikiwa kimeandikwa 100–240V na 50/60Hz, ichomeke bila wasiwasi. Skrini bapa karibu zote ziko hivyo. Kikisema 120V pekee, itahitaji transfoma ya kushushia volti. Soma vilevile kibandiko cha printa na spika kama navyo vililetwa, kwa sababu spika za kompyuta kutoka huko mara nyingi huwa na transfoma ndogo ya volti 120 tu, nayo itaungua kimyakimya bila hata mlipuko wa kukutahadharisha.

Na kwa kuwa mmeshaumia mara moja, chomekeni mashine mpya kupitia kifaa cha kulinda volti, kile wanachokitumia watu kwa friji, ambacho hukata umeme ukipanda au kushuka kupita kiasi na husubiri dakika kadhaa umeme ukirudi kabla ya kuuruhusu kupita. Mkiweza kuongeza UPS, yaani kisanduku chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika, ikae kati ya kifaa hicho na kompyuta. Umeme ukikatika mkiwa hamna vyote viwili, chomoeni plagi ya kompyuta kabisa ukutani, na msiirudishe mpaka taa zimewaka kwa utulivu kwa dakika tano.